Mguu Uliokuwa Ukatwe

Nilikuwa mfanyabiashara wa mchele. Nilinunua mpunga Ubaruku, mkoani Mbeya, nikaukoboa kwenye mashine za huko huko, halafu nikapanda nao lori mpaka Iringa mjini, ambako nilikuwa na meza yangu sokoni. Kazi hiyo niliianza mume wangu alipofariki, nikaifanya mpaka mwanangu wa pekee akamaliza chuo, akaoa, akajenga. Ilikuwa kazi ya miguu. Kutwa nzima nilizunguka mashine moja baada ya nyingine, nikichomoa punje kwenye magunia na kuzitafuna, nijue kama mpunga umekauka au umeloweshwa ili uongeze uzito.

Siku ya kwanza kuumwa nilikuwa natoka mashineni kwenda barabarani, mwendo wa robo saa hivi. Katikati ya njia shavu la mguu wa kulia likabana, kama mtu amelishika kwa mikono miwili na hataki kuliachia. Nikasimama. Baada ya dakika mbili tatu maumivu yakaisha kabisa, nikaenda zangu. Mbele kidogo yakarudi. Nikasimama tena.

Miezi iliyofuata nilijifunza kusimama kwa ujanja. Nilifungua kanga nikaifunga upya. Nilitoa simu nikajifanya nimepigiwa. Niliulizia nyanya nisizozihitaji, mwenye nyanya akiniitikia kwa furaha, nami nasikiliza mguu tu. Wapakiaji wa magunia walinitania: "Mama mchele, siku hizi unatembea kwa madaha!" Nilicheka nao. Sukari ninayo, presha ninayo, dawa nilimeza nikikumbuka, na sikutaka mtu aongeze ugonjwa wa tatu. Kwenye zahanati waliniambia ni baridi yabisi, wakanipa dawa ya kuchua. Nilichua mpaka ngozi ikawaka.

Mwendo ukazidi kupungua. Mwanzoni nilifika barabarani kwa kusimama mara moja. Baadaye mara tatu. Baadaye nikawa nahesabu nguzo za umeme, na nguzo moja ikawa ndiyo safari. Nikaanza kununua mpunga kwenye mashine moja tu iliyokuwa jirani na chumba nilichopanga, hata pale mpunga wake ulipokuwa mbaya. Ibada nikaacha, kwa kuwa kanisa la Kilutheri lilikuwa upande wa pili wa mji. Harusi nikaacha. Hakuna aliyenizuia kwenda popote, ila kila mwezi mahali pamoja palipungua katika nilikokwenda, na sikumwambia mtu.

Halafu nikajigonga kidole cha mguu huo huo kwenye chuma cha mizani. Kidonda chenyewe kilikuwa kidogo kama punje ya hindi. Nilikiosha kwa maji ya chumvi, nikakifunga. Wiki ya tatu kilikuwa vile vile. Mwezi wa pili kidole kikawa cheusi, na cha pembeni yake kikaanza kuwa cheusi. Nikilala kitandani mguu unauma kiasi cha kunitoa machozi, nikiuning'iniza chini unatulia, kwa hiyo nikawa nalala nimekaa kwenye kiti. Mwenye nyumba ndiye aliyempigia mwanangu. Alikuja, akafungua kitambaa, akautazama mguu, akatoka nje. Aliporudi alikuwa ameshapata gari la kunipeleka hospitali kubwa ya Mbeya.

Daktari aliyenipokea wodini alikuwa mtu mzima, mpole, mwenye sauti ya chini. Alinishika kifundo cha mguu kwa muda mrefu kwa vidole viwili, kama anayetafuta kitu kilichoanguka gizani.

"Mama, mguu huu damu haiufikii," alisema. "Tutaukata hapa, chini ya goti. Keshokutwa. Tunaokoa maisha yako."

Mwanangu akaletewa fomu ya kukubali nikatwe. Nilimwona anaisoma mstari kwa mstari, mwanaume mzima mwenye watoto, midomo inatetemeka kama siku tulipomzika baba yake. Kitanda changu kilikuwa dirishani. Chini watu walikuwa wakipandisha kuelekea getini, wengine wamebeba chupa za chai, wengine wanaongea na simu huku wakitembea. Wote walikuwa wakitembea bila kujua kwamba wanatembea.

Kitanda cha pili alilala mwanamke wa rika langu, muuza vitenge, mzaliwa wa Mbeya ambaye babu zake walitoka pwani. Mguu wake ulikatwa juu ya goti wiki tatu kabla. Alikuwa amekaa, kajitanda mtandio wake vizuri, anamenya chungwa.

"Wamekwambia damu imeishia wapi?" akaniuliza.

"Wamesema haifiki mguuni."

"Hilo nimelisikia. Nauliza imeishia wapi. Pajani? Gotini? Au huku chini kabisa?" Akanikatia kipande cha chungwa. "Mimi sikuuliza, dada yangu. Wangu uliletwa umeshaoza, unanuka, homa juu, wallahi hapakuwa na la kuuliza. Wako mkavu. Haunuki. Kesho wakipita, waulize. Wakikasirika, wakasirike."

Sikuwahi kumuuliza daktari swali maishani mwangu. Daktari akisema, mimi naitikia. Asubuhi walipokuja wengi, na makoti yao na mafaili, nilingoja mpaka wanageuka kuondoka.

"Samahani, daktari. Damu imeishia wapi?"

Wote wakanigeukia. Daktari mtu mzima akanitazama, akatazama faili, na niliona kwamba jibu halikuwemo. Nyuma ya kundi alikuwapo daktari binti, mwembamba, ambaye baadaye nilijua alikuwa ametoka kusomea mambo ya mishipa ya damu. Akasema, "Naomba nimpime." Yule mkubwa wake angeweza kukataa. Hakukataa. Alisema, "Mpime leo leo. Lakini kidole kikilowa usaha au homa ikipanda, hatusubiri."

Mchana binti yule alikuja na chombo kidogo kama redio ya mfukoni, chenye kitu mfano wa kalamu kwenye waya. Alinipaka jeli mkononi, akagusisha kalamu, chombo kikatoa sauti: fush, fush, fush. "Hiyo ni damu yako, mama." Akagusisha kinenani, sauti ikawa kubwa zaidi. Nyuma ya goti ikawa nyembamba, ya kuvuta. Kwenye kifundo alitafuta, akatafuta tena, akahamisha kalamu kidogo kidogo, na mimi nikainua kichwa nisikie. Mwisho kikasikika kitu kama mtu anayepuliza chai mbali.

Alipima presha ya mkono, akapima na ya kifundo, akagawanya hii kwa ile. "Kwa mtu mwenye mishipa mizima hizi namba zinakaribiana," alisema. "Kwako ya mguuni haifiki hata nusu ya ile ya mkononi." Siku ya pili nilipelekwa altrasaundi. Mshipa mkubwa unaoshusha damu ulikuwa umeziba pajani, urefu wa shubiri moja. Chini ya goti mmoja ulikuwa bado wazi.

Alivuta kiti, akakaa kati yangu na mwanangu, akaongea polepole.

"Zamani mguu kama huu tulikuwa tunaukata bila kutafuta. Siku hizi kuna njia mbili. Unaweza kupitishwa waya mwembamba kinenani mpaka palipoziba, kisha puto dogo linajazwa hapo ndani kuupanua mshipa. Au unachukuliwa mshipa wako mwenyewe, ule wa juu juu unaorudisha damu, unashonwa upite kando ya palipoziba. Watafiti wamekuwa wakizilinganisha hizi njia kwa miaka. Inavyoonekana sasa, mtu mwenye mshipa wake mzuri wa kushonea, hii ya pili mara nyingi inamfaa zaidi. Lakini si hapa. Ni Dar es Salaam."

"Kwa hiyo atapona?" mwanangu akauliza.

"Sijasema atapona, kaka. Nimesema kuna njia. Mshipa unaweza kuziba tena. Anaweza kupoteza mguu hata baada ya hayo yote. Ninachosema ni kwamba tusikate kabla hatujajaribu."

Yule mwenzangu wa kitanda cha pili alikuwa amegeukia ukutani. Nilidhani amelala. Niliporuhusiwa nilimwinamia kumuaga, nikaona macho yake yako wazi na mto umelowa. Alinishika mkono. "Nenda," alisema. "Usinionee haya, nenda." Sikuchukua namba yake ya simu. Mpaka leo nikikumbuka hilo nafumba macho.

Nafasi ya Dar ilitakiwa kusubiriwa. Nilisubiri kwa mwanangu, Iringa.

Nyumba yake iko juu, mahali ambapo gari dogo likipanda linanguruma kwa gia ya kwanza. Ni nyumba nzuri, ina baraza, ina ukuta, ina geti la chuma. Mwanangu alikuwa anatoka alfajiri, wajukuu wanakwenda shule, na mkwe wangu, ambaye ni mhasibu chuoni, alikuwa wa mwisho kuondoka. Kabla hajaondoka alipiga magoti mbele yangu, akanifungua kidonda, akakisafisha, akakifunga kwa shashi, akanipanga dawa zangu kwenye kisosi: ya sukari, ya presha, ya kulainisha damu, ya mafuta ya kwenye mishipa. Halafu akasema, "Mama, usitoke. Daktari amesema mguu usiguswe na chochote." Nikasikia komeo, nikasikia kufuli, nikasikia viatu vyake vinateremka.

Nikabaki barazani. Kutokea pale naona mabati ya mji wote, naona paa la soko, na kule bondeni malori yanapita barabara kuu, mengine bila shaka yametoka Ubaruku na mchele. Meza yangu nilikuwa nimemwachia mwanamke mwingine. Nilijua saa ambayo magunia yanashushwa. Nilikuwa nakaa pale nashusha magunia kichwani mwangu, moja moja, na kugombana na wapakiaji. Baadaye nikaacha hata hilo. Nikawa nautazama mguu. Vidole viwili vyeusi, vimenyauka kama ndizi mbivu iliyosahaulika, na mimi nimefungiwa navyo ndani. Wala si nyumba yenyewe iliyonichosha zaidi. Kilichonichosha ni upole. Kila mtu aliongea nami taratibu. Mjukuu akicheka aliambiwa, "Shh, bibi anaumwa."

Siku moja mkwe wangu alisahau ufunguo wa akiba juu ya friji. Niliuona saa tatu asubuhi. Saa nne nilikuwa nje, naelekea sokoni.

Nilivaa soksi mbili na viatu vya wazi vya mwanangu, nikachukua fimbo ya kufagilia buibui. Kuteremka kulikuwa kwepesi. Niliuma meno, nikasimama mara tano au sita, lakini mwili ulikuwa unakwenda wenyewe, na jua lilikuwa zuri, na watu wakanisalimu, "Kamwene, mama," nikawaitikia kama mtu mwenye shughuli zake. Nilifika mpaka chini kabisa, kwenye duka la fundi cherehani. Hapo shavu la mguu likabana, nikangoja liachie, halikuachia. Nikageuka nitazame nilikotoka. Barabara ilikuwa imesimama mbele yangu kama ngazi ya dari.

Nilijaribu. Nilipanda hatua ishirini, nazikumbuka zote. Nikarudi nyuma nikishika ukuta, nikaketi kwenye kizingiti cha fundi. Sokoni sikuweza kufika, nyumbani sikuweza kurudi, na simu nilikuwa nimeiacha kitandani.

"Unamsubiri mtu, mama?" fundi akaniuliza.

"Namsubiri mwanangu," nikasema.

Nilikaa pale kwa muda wa karibu saa tatu. Kila aliyepita nilimtabasamia. Fundi alinipa maji, akanipa kiti, mwisho akaacha kunitazama maana aliona namwonea aibu. Nilijua napaswa kumwomba anitafutie bajaji. Ni sentensi moja tu, ilinishinda.

Mkwe wangu alikuja mbio na sare ya ofisini, kitambulisho kinampiga kifuani. Jirani alikuwa ameona geti wazi, akampigia. Alinitazama uso, akautazama mguu. Soksi ilikuwa na damu.

"Mama, kwa nini?"

"Mnanifungia kama mbuzi."

Sikuwahi kumsemesha hivyo. Akachuchumaa pale pale barabarani, fundi akazidisha mwendo wa cherehani yake ili asisikie.

"Mimi ndiye nakifunga hiki kidonda kila asubuhi," alisema. "Mimi, si mwanao. Yeye hawezi kukitazama, unajua hilo? Anakwenda kukaa garini mpaka nimalize. Kikiharibika, ndugu wote watasema mkwe alimtelekeza. Nafunga geti kwa sababu naogopa. Sina sababu nyingine."

Nilikuwa nimefikiri kwamba mle ndani aliyefungiwa ni mimi peke yangu. Nikamshika bega, nikasema, "Niinue, mwanangu." Tukapanda bajaji.

Tangu siku hiyo aliniachia ufunguo mezani. Sikuutumia hata mara moja. Ilikuwa vibaya zaidi kuliko mwanzo, maana sasa geti lilikuwa wazi, na nilijua wazi ni nini kinachonizuia.

Simu ya Dar ilikuja wiki mbili baadaye. Tulisafiri kwa basi, mguu umewekwa juu ya begi, mkwe wangu pembeni, amechukua likizo yake yote ya mwaka. Huko walinipima upya, wakanichora mguu kwa kalamu ya wino wa zambarau kuanzia kinenani mpaka chini ya goti, wakifuata mshipa wa juu juu. "Ni mzuri, mpana," daktari wa upasuaji alisema, kama mtu anayesifia kitambaa. "Tutautumia huu huu." Nilichomwa sindano ya ganzi mgongoni. Sikusikia maumivu, ila nilisikia wakiongea, nikasikia vyuma vikiwekwa kwenye sinia, na mshale mrefu wa saa ya ukutani ukazunguka zaidi ya mara nne. Kuwa macho na nusu ya mwili wako haipo ni kitu ambacho sitaki kukirudia. Nilijaribu kusali, maneno hayakuja, nikawa nahesabu taa.

Walipomaliza, nesi alileta kile chombo kama redio. Akagusisha juu ya unyayo. Hakutafuta. Pale pale, kwa nguvu: fush, fush, fush. Mkwe wangu alipoingia alitaka kusikia na yeye. Akasikia, akaweka kiganja kwenye unyayo wangu, akasema, "Mama, mguu una joto."

Vidole vile viwili viliondolewa siku chache baadaye, vilikuwa vimekufa zamani. Mguu ulivimba, mshono wa pajani ukatoa maji, nikapata homa iliyonirudisha kitandani wakati wenzangu wa kulia na wa kushoto wamesharuhusiwa. Kidonda kilifunga baada ya miezi minne. Niliuweka unyayo sakafuni bila kitambaa nikiwa na mjukuu wangu tu nyumbani, naye alishangaa kwa nini bibi anaitazama sakafu.

Sasa nimeandikiwa kutembea kama mtu anavyoandikiwa vidonge. Daktari alinieleza kwamba mguu wa namna hii unafundishwa: utembee mpaka ubane, uendelee kidogo, upumzike, uanze tena, nusu saa, siku nyingi za wiki. Alisema hilo nalo limefanyiwa utafiti kama dawa nyingine yoyote, na wagonjwa wengi wanaliacha kwa kuwa halifanani na dawa. Nalifanya ukumbini masika, nje kiangazi. Vidonge vya kulainisha damu sasa viko viwili, kile cha zamani na kingine kipya kwa kiwango kidogo, na nikijikata na kisu cha vitunguu damu inachukua muda kukata. Ubaruku sijarudi. Huwezi kuzunguka mashine za mpunga, zenye misumari na mabati chini, kwa unyayo wenye ganzi ya sukari. Meza ya sokoni ni ya yule mwanamke sasa, na mchele wake ni mzuri.

Kila baada ya miezi mitatu wananipima. Mara ya mwisho namba ya mguu wa kulia ilikuwa nzuri. Ya kushoto imeshuka. Nilikuwa najua kabla hawajasema. Siku hiyo hiyo, kabla sijapimwa, nikiwa korido ya kliniki yenyewe, shavu la mguu wa kushoto lilibana, kidogo tu, kama mtoto anayekuvuta kanga. Nilisimama katikati ya watu. Sikutoa simu, sikufunga kanga upya. Nilimwita mkwe wangu, nikamwonyesha kwa kidole mahali panapobana, naye akaenda kumwambia daktari.

Wameongeza kiwango cha dawa ya mafuta. Wameongeza dakika kumi za kutembea. Wamesema tungoje tuone.